Usiimalize Bado

Mgeta, 6 Mei 2024

Mwanangu Mikidadi,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo. Simu hazishiki huku tangu mnara ulipozimika kwenye mvua za Aprili, kwa hiyo tumerudi kwenye karatasi. Barua hii anakuletea Jastin wa lori la mboga. Anashuka Morogoro Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na jibu lako mpe yeye.

Nataka kujua habari za pikipiki yangu, ile Honda. Imekaa hapo gerejini kwako chini ya turubai tangu Desemba, na kila nikiliona tope la barabara ya huku nashukuru kwamba sijawahi kujaribu kuipandisha. Kilo mia tatu zile zingelala hapo hapo kwenye kona ya kwanza. Lakini masika yanaisha na Prisca ameshapanga. Nilikwambia habari zake: tulisomea uuguzi pamoja, sasa yuko Gairo, amestaafu kama mimi na anaendesha Yamaha iliyozeeka kuliko hata hii yangu. Mwaka huu tunataka kuondoka tarehe 10 Juni. Gairo, Dodoma, Babati, Arusha, kisha turudi kwa njia ya Chalinze. Siku kumi na nane.

Kazi zenyewe unazijua. Shokapu za mbele zinavuja oili, na nikifunga breki inainama kama mbuzi anayekunywa maji. Badilisha sili zote mbili za kuzuia oili. Pedi za breki za mbele ziangalie. Kabureta zote nne zisafishe, maana mara ya mwisho ilikuwa inakohoa asubuhi. Pikipiki ya miaka karibu thelathini huwezi kuiamini kwa sababu tu mwaka jana ilikufikisha.

Mwalimu anakusalimu. Mwaka huu amekuwa mkimya kuhusu safari, lakini huwa hivyo mpaka nirudi.

Mama yako,
Eufrazia


Mgeta, 8 Mei 2024

Kwako Fundi Mikidadi,

Salaam sana. Ama baada ya salamu, mimi ni Mwalimu Raphael, mume wa Eufrazia. Tulionana mara mbili hapo gereji kwako. Ninakuandikia jambo ambalo naomba libaki kati yetu wawili.

Mke wangu ni mgonjwa. Tangu mwaka huu uanze ameanguka na kuzimia mara mbili, mara ya kwanza shambani kwenye kabichi na mara ya pili jikoni. Akizinduka husema ameteleza. Alikuwa muuguzi miaka thelathini na mbili, na watu wa kazi ile hawakubali kwamba na wao huumwa. Nikimwambia aache safari ataona ninamwonea wivu, kama walivyosema watu wengi hapa kijijini tangu alipoinunua pikipiki hiyo baada ya kustaafu. Mimi sikuwahi kusema hivyo, naye anajua. Ndiyo maana sitaki kuanza sasa.

Ninakuomba usiimalize bado. Mwambie spea hazijafika. Juni ikipita, Prisca atakwenda peke yake, na mambo yatatulia.

Jibu mpe Jastin, umwambie anikabidhi mkononi. Tafadhali andika kwa herufi kubwa na wino uliokolea, maana taa yetu ya sola ni hafifu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwl. Raphael


Morogoro, 10 Mei 2024

Mwalimu Raphael,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na tangu niisome sina raha. Nimeandika kubwa kama ulivyoagiza.

Mwalimu, mimi sijawahi kumwambia mteja kwamba chombo chake hakijawa tayari wakati kinaweza kuwa tayari. Marehemu baba alinifundisha kazi hii kwa masharti machache, na hilo lilikuwa mojawapo. Lakini barabara ya Gairo naijua. Malori yanayoshuka pale hayana subira, na mtu akipotewa na fahamu hata kwa sekunde mbili juu ya pikipiki nzito namna ile, hakuna wa kumdaka. Nikiimaliza, akaondoka, akaanguka, nitakuwa nimemuua kwa mikono yangu nikijua.

Nitafanya unavyotaka. Ila naomba unijibu mambo mawili. Ameshapimwa? Na kuna mtu mwingine aliyeshuhudia akianguka? Sikutilii shaka. Nauliza ili moyo utulie.

Mikidadi


Morogoro, 10 Mei 2024

Mama Eufrazia,

Shikamoo. Sisi hatujambo, Asia na watoto wanakusalimu.

Pikipiki nimeitoa turubai na nimeanza kuifungua. Kabureta zina uchafu mwingi. Kuhusu sili za shokapu, saizi yake hapa Morogoro haipo. Nimeagiza Dar na wameniambia inaweza kuchukua wiki tatu, hata tano. Sitaki kukufungia zisizo zake, zitavuja tena kabla hujafika Dumila. Kwa hiyo naona tarehe 10 itakuwa ngumu. Labda mngesogeza mbele, au mngoje mwakani.

Mama, vipi afya yako? Kichwa hakikusumbui? Kizunguzungu huna? Nimeuliza tu.

Mwanao,
Mikidadi


Mgeta, 20 Mei 2024

Mikidadi,

Nimekaa na barua yako siku kumi kwa sababu sikutaka kukujibu nikiwa na hasira.

Umeniuliza habari za kichwa changu kana kwamba mimi ndiye ninayevuja. Niko salama. Kila asubuhi napanda hadi shamba la juu na kushuka na mzigo wa karoti. Kama kuna mtu gerejini amekwambia mwanamke wa miaka sitini hafai kuendesha pikipiki kubwa, mwambie niliendesha pikipiki ya chanjo milima hii miaka ishirini na mbili, na sanduku la barafu nyuma, na hakuna chupa hata moja iliyovunjika. Na kama ni wewe umechoka na pikipiki ya bibi kizee, sema tu. Nitatafuta fundi mwingine na tutabaki kusalimiana.

Jambo la pili. Ijumaa iliyopita Jastin alinipa nafasi kwenye lori hadi Mzumbe, nikapata mtandao, nikampigia Prisca. Sili kazipata Dodoma kwa saa moja. Saa moja, Mikidadi. Zinakuja kwako kwa basi, zitakufikia Ijumaa hii. Kwa hiyo sababu hiyo imekwisha.

Samahani kwa maneno makali. Nina wasiwasi ambao siujui unatoka wapi. Nimejipima presha mara tatu wiki hii, iko sawa, lakini nikishika kikombe najikuta naangalia kama mkono unatetemeka. Nyumbani nako kuna ukimya. Mwalimu amejikwaa kwenye jembe aliloliegesha mwenyewe, goti limevimba, na hataki niliguse.

Eufrazia


Mgeta, 22 Mei 2024

Fundi,

Salaam. Amenieleza kuhusu sili, najua zinakuja. Tafuta sababu nyingine. Sema kabureta imepasuka, sema chochote, wewe ndiye fundi. Kuna kitu kidogo unaweza kukitoa na kukiweka mfukoni na pikipiki isiwake. Kitoe.

Umeuliza kama kuna aliyeshuhudia. Jumapili baada ya misa ameanguka kwenye ngazi za kanisa, mbele ya watu wote. Sasa unataka ushahidi gani zaidi?

Usiniandikie maneno mengi. Andika neno moja tu, ndiyo au hapana, kubwa.

Raphael


Morogoro, 27 Mei 2024

Mama Eufrazia,

Shikamoo. Sijui niianzeje barua hii, kwa hiyo naianza na lililo kweli. Pikipiki yako imekamilika tangu Jumamosi. Sili za Prisca nimezifunga na oili ya shokapu ni mpya. Pedi za breki nimebadilisha. Kabureta nne nimezisawazisha, sasa inapumua vizuri na asubuhi inawaka mara ya kwanza. Habari ya kuagiza sili Dar ilikuwa uongo. Sikuagiza popote.

Mumeo ndiye aliyeniomba. Ameniandikia kwamba unazimia, na kwamba ukipanda pikipiki utakufa njiani. Nilimwamini. Bado sijui kama nilikosea kumwamini, na hilo ndilo linalonisumbua.

Kilichonifanya nikuandikie ni Jastin. Ijumaa alipokuja kuchukua mizigo nilimuuliza, kama mtu anayepiga soga tu, "Nasikia mama alianguka kanisani Jumapili. Anaendeleaje?"

Akaniangalia. "Mama yupi?"

"Mama Eufrazia. Kwenye ngazi."

"Aliyeanguka ni mwalimu," akasema. "Alikanyaga hewa kama mtu anayedhani ngazi zimekwisha. Mama ndiye aliyemwinua."

Nimekaa na maneno hayo siku tatu. Nimejiambia labda Jastin hakuona vizuri. Nimejiambia labda mlianguka wote. Mwishowe nikamweleza mke wangu Asia kila kitu, naye akasema, "Kati yenu watatu lazima mmoja aanze kusema kweli, na wewe ndiye uliye karibu nami, kwa hiyo anza wewe."

Nimekuwekea humu barua mbili za mwalimu. Najua si heshima kumpa mtu barua aliyoandikiwa mwingine kwa siri. Kama nimevunja nyumba yenu sitajisamehe. Lakini kama kweli unazimia, mama, nakusihi usije kuichukua. Na kama huzimii, basi kuna jambo jingine humo ndani ambalo mimi siwezi kulifungua kwa spana.

Mikidadi


Morogoro, 3 Juni 2024

Mama Eufrazia,

Shikamoo. Wiki nzima imepita bila jibu. Jastin anasema nyumba yenu imefungwa tangu Alhamisi, jirani ndiye anayemwagilia miche, na hakuna anayejua mlikokwenda. Wengine wanasema mliondoka kabla hakujapambazuka vizuri, mwalimu akiwa amekushika mkono. Wengine wanasema wewe ndiye uliyekuwa umemshika.

Prisca amenipigia mara nne. Namjibu pikipiki iko tayari, mwenyewe sijui aliko. Simu yako inaita, haipokelewi, kisha inazima.

Kila gari la wagonjwa likipita barabarani nanyanyua kichwa. Barua hii Jastin ataisukuma chini ya mlango wenu. Nitumieni hata neno moja, la kunitukana pia nitalipokea.

Mikidadi


Dar es Salaam, 7 Juni 2024

Mikidadi,

Simu yako nimeiona ikiita. Mara ya kwanza sikupokea kwa hasira. Mara nyingine sikupokea kwa sababu nilikuwa nimesimama kwenye korido ya hospitali iliyojaa watu, na haya si maneno ya kusemea pale. Sasa nimepata benchi na karatasi.

Barua ulizonitumia zilipofika nilizitandaza mezani, na kabla sijasoma neno niliuona mwandiko. Mwalimu huyu amefundisha watoto kuandika juu ya mstari miaka thelathini na minne. Aliwahi kunirudishia barua ya uchumba akiwa amesahihisha herufi kubwa. Na hapa maneno yalikuwa makubwa kama ya mtoto wa darasa la kwanza, mstari mmoja umepanda juu ya mwingine, na mwishoni kalamu imetoka nje ya karatasi. Wewe ungejuaje, hukuwahi kuuona mwandiko wake wa zamani.

Alikuwa ukumbini. Nikampa mojawapo, nikasema, "Nisomee hii, miwani yangu siioni."

Akaishika. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Kisha akasema, "Ni tangazo la parokia. La mavuno."

"Raphael," nikamwambia, "hiyo umeiandika wewe."

Akakaa chini pale pale kwenye kizingiti. Sikumwinua. Nilikaa naye.

Jicho la kulia halioni kitu tangu Novemba. La kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Masomo ya misa alikuwa akiyasikiliza kwenye redio Jumamosi, anayakariri, Jumapili anasimama mbele na kitabu wazi kana kwamba anasoma. Tangu Kwaresima amewaambia ana kikohozi, kwa sababu hata kupanda hadi mimbarini alikuwa ameanza kuogopa. Miche ya kabichi anaipanda kwa kupapasa kamba. Na mimi, Mikidadi, nimewapima macho watoto wa shule zote za tarafa ile. Nimelala kitanda kimoja na mtu huyu na sikuona. Nilikuwa nikihesabu siku za kuondoka.

Nilimuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha safari."

"Si ndicho ulichokuwa unataka, niache?"

"Nilitaka uache kwa sababu ya pikipiki," akasema. "Sikutaka uache kwa sababu yangu. Pikipiki ungeisamehe."

Alikuwa anaogopa siku kumi na nane za kukaa peke yake kwenye nyumba ile yenye ngazi na jiko la kuni. Aliogopa kuachwa, na aliogopa kuwa yeye ndiye wa kunizuia. Kwa hiyo akautoa ugonjwa wake akanivika mimi. Kila anguko alilokuandikia lilimpata yeye, kuzimia ndiko alikoongeza. Kwenye kabichi ni yeye. Jikoni ni yeye.

Daktari anaiita presha ya macho. Lililokwenda halirudi. Jana wamempasua la kushoto ili walinusuru lililobaki. Sasa amelala na bandeji, anauliza kila saa kama ni mchana. Kama upasuaji umeshika, tutajua baada ya wiki kadhaa. Kama haukushika, tutajua pia.

Wewe nilikukasirikia siku tatu. Ulinifanya nijitilie shaka ndani ya mwili wangu mwenyewe, nikaanza kupanda ngazi nimeshika ukuta. Hilo usimfanyie mtu tena hata akikuomba mtakatifu. Lakini pia wewe ndiye uliyezituma barua, na kama usingezituma ningekwenda Arusha, naye angeanguka kwenye moto.

Prisca nimempigia, ameahirisha bila kuuliza. Mimi nilimwambia Raphael kwamba pikipiki itauzwa. Akasema nikiiuza hatakubali kutiwa dawa hata tone. Tumebishana humu wodini hadi muuguzi kaja kututenganisha, msichana mdogo kabisa, akaniita bibi. Tumefika hapa: kama daktari ataruhusu, nitakwenda na Prisca mwanzoni mwa Julai, hadi Dodoma tu, siku sita. Raphael hawezi kubaki Mgeta. Kliniki yake itahamia hapo Morogoro, na dawa ya matone ni mara nne kwa siku. Naomba akae kwako. Muulize Asia kwanza, usinijibu kabla hujamuuliza.

Eufrazia


Morogoro, 3 Julai 2024

Mke wangu Eufrazia,

Barua hii itakukuta kwa Prisca, Gairo, mtakapofika kesho mkitokea Dodoma. Uliniagiza nisikupigie simu kukwambia niko salama, kwa sababu sauti yangu ya darasani inaweza kuficha nyumba nzima. Ulisema niandike. Siwezi kuandika, kwa hiyo nasema na Mikidadi anaandika. Tumekaa mbele ya gereji yake, saa kumi alasiri, naye kanawa mikono kwanza.

Nyumba hii ni ya watu wema. Asia ananiwekea matone kwa saa, na jana nilipokataa ya mchana alisimama mbele yangu na chupa mkononi mpaka nikainua uso. Wamefunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni. Mwanzoni niliona aibu. Sasa naishika.

Tangu uondoke Jumatatu sifanyi kazi nyingine ila kusikiliza. Pikipiki ikipita barabarani namuuliza fundi ni ya aina gani, ananiambia, nasi tunabishana. Ya kwako niliisikia hadi ilipopinda kule mbele. Haikukohoa. Kisha nilikaa nikifikiria kila lori lililoko kati ya hapa na Dodoma. Huo wasiwasi ni wangu na nimeuzoea. Kila mwaka ulipokuwa ukiondoka nilikuwa nao, nikawa nakunyamazia. Leo nakwambia tu kwamba upo.

Kuhusu jicho, nimemwambia Mikidadi aandike kwamba linaendelea vizuri sana. Ameweka kalamu chini. Nimemwambia yeye ni mwandishi tu, aandike anachoambiwa. Amesema maneno ya namna hiyo alishaandika mara moja kwa ajili yangu na hataandika tena, na kama nataka, karatasi hii hapa, niandike mwenyewe.

Basi ni hivi. Jana asubuhi niliamka na ukungu. Nyuso za watu sikuziona mpaka saa tano. Asia akanipeleka kliniki. Daktari amesema presha ya jicho imepanda tena kidogo, ameongeza dawa ya pili, na nirudi Ijumaa. Nilimuuliza kama upasuaji umeshindwa. Alisema hawezi kusema ndiyo wala hapana. Mchana ukungu ulipungua. Leo asubuhi haukuwapo, lakini naogopa wa kesho. Naogopa sana, Eufrazia. Sijawahi kukwambia neno hilo tangu tuoane.

Najua ukisoma hapa utataka kuwasha pikipiki. Kaa. Kula kwa Prisca, lala, kagueni hizo pikipiki zenu kama mlivyopanga, urudi Jumamosi, mchana, polepole. Hakuna utakachokifanya Ijumaa ambacho Asia hawezi kukifanya.

Na Ijumaa wakiniambia jambo baya, sitaliandika. Nitampa Mikidadi simu anipigie namba yako, nami nitasema, "Njoo."

Mumeo,
Raphael

Kwa mkono wa Mikidadi. Mama, shikamoo. Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza wala kupunguza. Kwenye jina lake hapo juu kalamu nilimshikisha mwenyewe.